Pasi Dhidi ya Seremala, Juu ya Meza ya Kukatia

Mdogo wangu ana miaka hamsini na mbili, na kila siku ikifika saa nne asubuhi anaendesha mashindano ya ndondi juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Mabondia wake ni vifungo. Anavitoa kwenye kopo ninalowekea vifungo vilivyobaki, anavipanga viwiliviwili, anavipima uzito kwa kuvirusharusha kiganjani, kisha anatangaza pambano kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. Ukija kuchukua gauni lako tukiwa raundi ya nne, utasubiri. Mimi mwenyewe nasubiri, na duka ni langu.

Ni mashindano ya kubuni, maana nusu ya mabondia hao wamekufa na nusu nyingine hawakuwahi kukutana. Wote ni wa uzito wa welta, kilo sitini na sita na ushee, uzito aliopigania yeye mwenyewe miaka kumi na minne. Wazito hawataki kabisa. "Wazito wanapigana kama watu wanaohamisha kabati," husema, na hapo fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye asubuhi hana kazi ila kunywa chai yangu, hucheka mpaka anashika mbavu.

Usidhani ni mchezo wa mtu aliyekosa kazi. Daktari alinikalisha, akanionyesha picha ya kichwa cha mdogo wangu, akasema ngumi zilizoingia zamani ndizo zinazomla sasa. Atasahau majina, kisha watu, kisha maneno yenyewe. "Andika anayosema, mama," aliniambia. "Ipo siku utayatafuta." Nilichukia. Nilimwambia kwamba mdogo wangu si redio ya kuishiwa betri, nikabeba mkoba wangu nikatoka. Lakini nilipofika dukani nilifungua daftari la vipimo, na kati ya kiuno cha mteja mmoja na bega la mwingine nikaanza kuandika.

Kwa hiyo wapo, mabondia wake. Yupo Shemeji, kifungo cha pinki cha blauzi. "Huyu hapigi, anakumbatia. Raundi tatu za kwanza unadhani umealikwa harusini. Mwamuzi akiwatenganisha, anamkumbatia mwamuzi. Alishinda mapambano kumi na moja kwa sababu wenzake walichoka kumbeba."

Yupo Robo Kilo, kifungo cha shati kilichovunjika pembeni. Kila siku ya kupima uzito alizidi robo kilo, wala si zaidi. Akanyoa nywele, bado. Akanyoa nyusi, bado. Akatoa meno ya bandia, akavua mpaka nguo ya ndani, kocha kamshikia taulo mbele asitiriwe, bado robo. "Miaka sita anashinda njaa," anasema mdogo wangu, "kumbe kocha akimshikia taulo anaegemea mizani kwa goti!"

Yupo Samahani, kifungo cheupe kisicho na doa, kijana wa adabu. "Samahani kaka, puu! Samahani tena, puu! Ukimjibu 'usijali', umekwisha." Na yupo Bawabu, anayelinda uso wake kama geti la tajiri. Humgusi, lakini na yeye hatoki. Siku aliyopigana na Shemeji watazamaji walirudi makwao, wakalala, wakaamka, na pambano lilikuwa halijaisha.

Na yupo Seremala, kifungo cheusi cha koti, kikubwa kuliko vyote. Akimfikia huyu mdogo wangu hafanyi mzaha mwingi. "Mchana anatengeneza milango, jioni anaifunga. Ngumi yake ni msumari. Anapiga pale, anarudia palepale, anarudia palepale. Hakosei."

Wa mwisho ni kifungo cha kahawia, matundu manne, tundu moja limechanika. Huyo ni Pasi. "Hana haraka. Raundi tano za kwanza unamgusa, wa baridi, unamdharau. Mwache apate moto. Akishapata moto anakupitia mara moja tu, unanyooka." Pasi ni mdogo wangu mwenyewe. Jina nilimpa mimi, nikalishona kwa uzi mwekundu nyuma ya bukta yake ya kwanza.

Sasa nikueleze kuhusu Pasi na Seremala, maana hilo pambano halikuwa la kubuni.

Ni miaka kumi na tisa iliyopita. Wiki ya pambano kocha alilazwa hospitali, na msaidizi wa kocha alikuwa amekorofishana na mdogo wangu. Mdogo wangu akaja hapa dukani, akakaa juu ya meza hii hii, akasema, "Dada, kona yangu utasimama wewe."

"Mimi najua nini cha ndondi? Najua kushona bukta."

"Unajua kunyamaza?"

"Sijui."

"Basi jifunze. Na taulo usirushe. Hata ukiniona nimelala chali, usirushe. Apa."

Taulo ndilo kila kitu pale kwenye kona. Likirushwa ulingoni, pambano limekwisha, bondia wako amekubali kushindwa. Na alikuwa na sababu ya kuniapisha, maana ananijua. Utotoni nilikuwa nikimkuta anapigana njiani, namvuta sikio namtoa, hata kama yuko juu ya mwenzake. Alikuwa ananuna huyo! "Dada, nilikuwa nashinda!" Halafu siku tatu hasemi na mimi. Mezani akitaka chumvi anamwambia mama, "Mwambie huyo anipe chumvi," na mimi nimekaa hapo hapo, viwiko vyetu vinagusana.

Basi nikaapa.

Raundi ya nane Seremala alimpiga juu ya sikio la kushoto mara saba. Nilihesabu. Mdogo wangu alirudi kwenye kona akakaa, nikamfuta uso, akaniangalia kwa macho ya upole ajabu, akauliza, "Mama amekuja?" Mama yetu alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Hapo nikajua. Asije mtu akanifariji kwamba sikujua, sitaki. Nilijua kwamba kuna kitu kimekatika humo ndani, na nilikuwa na taulo mkononi, jeupe, pindo nimelishona mwenyewe. Kengele ikalia. Nikamsukuma mgongoni, nikamwambia, "Nenda."

Na akashinda! Raundi ya tisa akapata moto, ya kumi akampitia Seremala akamnyoosha; Seremala aliinuka, lakini majaji wote wakampa mdogo wangu. Watu walinibeba juu mabegani, mwanamke mzima na nguo yangu ya heshima. "Dada mtu ana roho ngumu," walisema, "mwingine angerusha." Nilipongezwa wiki nzima. Lile taulo nilirudi nalo nyumbani, na tangu siku ile nafunikia cherehani jioni nikifunga duka.

Hizi ndizo habari nilizokaa nazo miaka kumi na tisa bila kumwambia mtu, na hasa yeye. Mwanzoni alikuwa mzima, nikasema ya nini kumtia huzuni. Akaanza kusahau funguo, nikasema ni uzembe tu, wa kwake tangu zamani. Akaweka sukari ndani ya viatu. Mkewe akachoka, akarudi kwao, na simlaumu sana, ingawa siku ile nilimlaumu kwa matusi yote ninayoyajua. Nikamleta mdogo wangu huku, chumba cha nyuma ya duka. Nikawa kila siku nasema, leo nitamwambia. Halafu mteja anaingia, na mimi nashukuru kwamba mteja ameingia.

Mwanzo wa mwaka huu, mashindano yakiwa bado na mabondia kumi na sita, ilitokea Pasi akapangwa na Seremala. Nilikuwa napiga pasi suruali, nikasikia anatangaza, nikaiweka pasi pembeni. Raundi zikaenda. Ya nane ilipofika alianza kutetemeka midomo, machozi yakamtoka, kifungo kikaanguka chini, akaniuliza, "Mama amekuja?"

Nilimlaza. Kisha nikafanya kosa ambalo mpaka leo sijui nalifanyia nini. Nilichukua kile kifungo cha kahawia nikakificha kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi, ili pambano lile lisirudi tena.

Kesho yake alihesabu. "Kuna mmoja hayupo."

"Wote wapo," nikamdanganya.

"Hayupo mmoja. Hana haraka yule." Akaniangalia. "Fundi, hujamwona?"

Fundi! Sikulitilia maanani siku ile, nikadhani ananitania. Siku ya pili, fundi. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, ni fundi tu, kwa adabu zote, "fundi naomba maji," "fundi asante." Mimi niliyemlea! Nilijitia hasira, nikamgombeza, "Mimi ni dada yako, wewe!" Akaitikia, "Ndiyo mama," kama mtu anayekubaliana na askari. Niliingia chumba cha nyuma nikalia kwa kujiziba mdomo na mto.

Na kutafuta hakuacha. Alitafuta chini ya cherehani, ndani ya viatu vya fundi viatu, ndani ya kikombe cha chai. Siku moja mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka mingi, alikuja na koti la kahawia. Mdogo wangu akamwinamia kifuani kwa heshima zote, akasema, "Samahani mama, huyu wangu," akakivuta kifungo, paa, kikang'oka na kitambaa chake. Yule mama alipiga ukelele uliosikika mtaa mzima. Mdogo wangu alikigeuza kifungo kwenye mwanga, akamrudishia. "Si yeye," akasema. "Huyu ana haraka." Fundi viatu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilicheka pia, nitafanyaje, huku nashona lile koti na machozi yanadondokea pindo.

Wakati huohuo mabondia walikuwa wanapungua. Vifungo vipo, wenyewe hawapo. Kumi na sita wakawa kumi na wawili, wakawa saba. Anashika kile cha pinki, anakigeuza, uso umejaa hofu, "Huyu anafanyaje?" Nafungua daftari namsomea: huyu ni Shemeji, hapigi, anakumbatia. Anacheka kana kwamba hajawahi kuisikia. "Nani kaandika haya? Ana akili huyo mtu!"

"Ni wewe," namwambia.

"Acha utani, fundi."

Jumatatu ya wiki iliyopita tulikwenda kwa daktari. Aliuliza maswali yake, mdogo wangu akajibu mawili. Tulipotoka daktari alinishika mkono mlangoni, akasema maneno yanakwenda haraka kuliko alivyotegemea, na huenda safari ijayo tusiyakute. "Kama una la kumwambia, mwambie."

Ninalo. Lakini namwambia nani? Ukimkanyaga mtu miaka kumi na tisa, humwombi radhi ukiwa fundi wake wa nguo. Nilitaka aniite Dada. Mara moja tu, anitambue, nimwambie kwamba raundi ya nane nilijua na nikamsukuma. Anisamehe au anitukane, sikujali. Nilichoogopa ni abaki na upole wake ule, ndiyo mama, asante mama, mpaka maneno yaishe.

Fundi viatu aliniona siku nilipoficha kifungo, wala hakuwahi kusema. Jumanne ile alimaliza chai, akaweka kikombe, akasema, "Jirani, mrudishie mtu wake."

"Akitetemeka tena?"

"Hata sasa anatetemeka. Anajitafuta mwenyewe miezi saba, hujaona? Umemficha yeye, na wewe umejificha naye humo humo."

"Wewe shona viatu," nilimwambia, "mambo ya watu yaache." Nilimkaripia vibaya, na akaondoka. Kisha sikushona kitu siku nzima.

Jumatano saa nne nilifungua droo, nikakitia kifungo cha kahawia kwenye kopo pamoja na vingine, nikalitikisa, nikampa. Fundi viatu alikuwa amesharudi kiti chake, hana kinyongo yule mtu. Taulo nilikuwa sijalitoa juu ya cherehani, sikuwa na nia ya kushona.

Mdogo wangu alivitoa kimoja kimoja. Alipokifikia cha kahawia aliacha vingine. Akakipima kiganjani, akapitisha kidole kwenye lile tundu lililochanika, muda mrefu. "Alikuwa wapi huyu?"

"Alikuwa mbali," nikasema.

"Amekonda." Akakiweka katikati ya meza. Akatafuta mpinzani, wala hakupapasa, mkono ulikwenda moja kwa moja kwa kile cheusi. "Mabibi na mabwana! Upande huu, hana haraka, mwache apate moto, Pasi! Upande ule, hakosei msumari, Seremala!" Sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Sikuwa nimeisikia tangu mwaka uanze.

"Kona ya Pasi kuna nani?" nikamuuliza.

"Kuna dada yake. Mshona nguo." Akacheka peke yake. "Mkali huyo! Mwamuzi anamwogopa kuliko Seremala. Kashika taulo lakini kaapa, hawezi kurusha."

"Na akirusha?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga. "Kaapa, fundi."

Raundi ya kwanza mpaka ya tano Pasi wa baridi. Ya sita, ya saba. Vifungo vinagongana juu ya mbao, na watu wawili waliokuja kuchukua nguo wamesimama mlangoni, hawathubutu kuuliza. Ya nane. Kifungo cheusi kikagonga cha kahawia mara moja. Halafu mkono wake ukaacha meza. Ukapanda na kile kifungo cheusi mpaka juu ya sikio lake la kushoto, na akaanza kujigonga. Moja. Mbili. Tatu. Alikuwa anajigonga kwa nguvu, palepale, na mkono mwingine umeshika ukingo wa meza.

"Jirani!" fundi viatu alipiga kelele, amesimama.

Nne. Tano. Midomo ikaanza kutetemeka. "Mama," alisema, "Mama ame..."

Nililivuta lile taulo juu ya cherehani, nikalirusha. Sikufikiri. Lilitanuka likaangukia meza nzima, likafunika Pasi, likafunika daftari na mkasi na chaki.

Mkono wake ulibaki hewani na kile kifungo. Aliliangalia taulo. Akaangalia lile pindo. Kisha akanyanyua macho taratibu, yakapita kwa fundi viatu, yakapita kwa wale wa mlangoni, yakanifikia mimi, na uso ukaanza kumbadilika. Ulipata moto. Sijawahi kuona hasira nzuri kama ile.

"Dada!" akasema. "Dada, nilikuwa nashinda!"

Nikakaa chini sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Nikayatoa yote kwa mkupuo, kwamba siku ile aliniuliza mama amekuja, kwamba nilijua, kwamba nilikuwa na taulo mkononi nikamsukuma mgongoni, kwamba watu walinibeba juu na mimi najua. Alikuwa ameshageuza kiti, ananipa mgongo, ameutazama ukuta. Mabega amenuna, mgongo amenuna, kila kitu kimenuna.

"Mwambie huyo," alimwambia fundi viatu, "mimi na yeye basi. Siku tatu."

Fundi viatu alikuwa anajifuta uso kwa lile tambara la rangi ya viatu, amejipaka weusi mashavu yote. "Jirani, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nilipaswa kurusha siku ile. Mwambie anisamehe."

Fundi viatu akarudia, neno kwa neno. Mdogo wangu akajibu akiwa bado anatazama ukuta.

"Mwambie angerusha siku ile, nisingemsamehe mpaka kufa."

Hakusema na mimi tena siku hiyo. Chakula cha mchana alikula kwa kunigeuzia kisogo, na chumvi akaiomba kwa fundi viatu, na mimi nimekaa hapo hapo.

Siku tatu hazikutimia. Alhamisi asubuhi niliamka mapema kuliko kawaida, nikaenda chumba cha nyuma na shati lake nimelipiga pasi, nimejiandaa kununiwa. Alikuwa amekaa kitandani. Akaniona, akanyoosha mikono nimvalishe, akatabasamu kwa adabu.

"Shikamoo, fundi."

Nilisimama na lile shati. Ningetoa duka zima, cherehani na vyote vilivyomo, aninunie zile siku mbili zilizobaki.

"Marahaba," nikasema, nikaanza kumfunga vifungo.